Wembe wa kukunja unakukata, unavuta au unaacha vipele? Tafuta chanzo hapa

Methali inasema mtoto akililia wembe, mpe. Mtu mzima anayejifunza kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja hana haja ya kufundishwa na damu, maana karibu kila kosa la mkono huacha alama yake ya pekee usoni. Mkato mrefu si sawa na vitone vya damu, na ngozi inayowaka haina chanzo kimoja na ngozi yenye vipele. Ukiijua alama, unarekebisha kosa lenyewe badala ya kubadilisha sabuni, wembe na mafuta kwa pamoja bila kujua kipi kilisaidia.

Chombo tunachozungumzia kina umbo la wembe wa kale, wenye mpini unaokunjuka, ila makali yake hayanolewi. Unachomeka wembe mpya, aghalabu nusu ya wembe wa kawaida wenye makali pande mbili. Hapa chini tutaita chombo chenyewe kishikio, na kile kipande cha chuma kinachobadilishwa tutakiita wembe. Kipande hicho kina unene wa takriban milimita 0.1, ni kikali mno, na hakina ukingo wowote wa kuzuia ngozi isikatwe. Nyembe za plastiki za kutupa zimeshapangiwa mwinamo wao kiwandani. Hapa anayepanga ni mkono wako, kwa kila mpito. Wengi huja na mazoea mawili ya zile za plastiki, kukandamiza na kupitisha mbiombio, na mazoea hayo mawili ndiyo yanayozaa sehemu kubwa ya matatizo yafuatayo.

Umejikata: soma umbo la jeraha

Osha uso kwa maji baridi, sogea karibu na kioo, uangalie jeraha limekaaje kabla ya kulifunika.

*Mstari mwembamba mrefu, unaofuata njia aliyopita wembe.* Huu umechorwa na kona ya wembe, si na makali ya katikati. Kona zinakuwa hatari pale uso unapopinda: chini ya sikio, kwenye pembe ya taya, pembeni mwa kidevu. Upande mmoja wa wembe unabaki hewani, mzigo wote unahamia kwenye kona ya upande wa pili. Anza mpito kwa sehemu ya kati ya makali, na kwenye mapindo nyoa kwa mipito ya sentimita 1 hadi 2 tu, ukigeuza kifundo cha mkono taratibu ili makali yaendelee kulala sawa. Kagua pia kishikio. Vingine vinafunika kona za wembe, vingine vinaziacha wazi. Kwa anayeanza, chenye kufunika kona ni bora mara kumi, hata kama si cha kupendeza.

*Mkato mfupi ulionyooka, unaolingana na makali yenyewe.* Hapa wembe ulisogea kiupande, kama kisu kinachokata mkate. Makali haya yanatakiwa kusonga mbele tu, yakiongozwa mraba. Hata milimita mbili za kuteleza kushoto au kulia zinatosha kufungua ngozi. Mara nyingi kosa hili halitokei katikati ya mpito bali mwanzoni au mwishoni: mtu anatua wembe usoni huku mkono ungali unatafuta mahali, au anasimama kufikiri huku makali yamegusa ngozi. Tua wembe ukiwa bapa kabisa, kisha inua mgongo wake mpaka ufikie mwinamo, ndipo uvute. Ukitaka kusimama, ondoa wembe usoni kwanza.

*Vitone vidogo vya damu, kama umechomwa na ncha za sindano.* Hakuna mkato unaoonekana, lakini damu inachomoza kwenye vinyweleo. Umekandamiza, au mwinamo umezidi, au umerudia mahali pamoja mara nyingi mno. Wembe umekwangua vichwa vya vinyweleo vilivyoinuka kidogo juu ya ngozi. Vitone hivi huonekana zaidi shingoni na baada ya kunyoa kinyume cha ndevu zinavyolala. Dawa yake ni kupunguza: mkandamizo, mwinamo, idadi ya mipito.

*Ngozi imekwanguka juu ya mfupa.* Kidevu na kikoromeo ndiko nyumbani kwa jeraha hili. Ngozi ilikuwa imelegea, ikajikunja mbele ya makali. Kwa kidevu, vuta mdomo wa chini juu ya meno ya chini ili ngozi ikaze. Kwa kikoromeo usinyoe juu ya nundu: vuta ngozi kiupande kwa vidole vya mkono wa pili, unyoe ile ngozi ikiwa imelala pembeni kwenye sehemu iliyo bapa, kisha uiachie irudi. Mkono wako wa kuvuta ngozi lazima uwe mkavu. Kipande kidogo cha shabu ukikigusa kwa ncha za vidole huondoa utelezi wa povu.

Kuzuia damu: bana jeraha kwa kitambaa safi dakika 5 mfululizo bila kuchungulia, kwa maana kila ukichungulia unang'oa damu iliyoanza kuganda. Mikato midogo inatulia kwa shabu iliyoloweshwa, iliyopitishwa juu yake na kuachwa sekunde 30 kabla ya kusuuza. Jeraha lililoachama, au linaloendelea kutoka damu baada ya dakika 15 za kubanwa, ni la kupelekwa hospitali. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi asijifunzie kwenye chombo hiki.

Wembe unavuta ndevu badala ya kuzikata

Maumivu haya ni ya kung'olewa, hayafanani na ya kukatwa, na ni rahisi kuyatambua. Fuata mpangilio huu, na ubadilishe jambo moja kwa kila siku ya kunyoa.

Anza na wembe. Nusu ya wembe wa kawaida hunyoa vizuri mara 2 hadi 4, kutegemea ugumu wa ndevu. Kujifunza kwa wembe uliochoka, kwa kudhani ni salama zaidi, ni kosa kubwa linalowashawishi wengi: wembe butu unakulazimisha ukandamize, na ukikandamiza ndipo unapokatika vibaya. Katika mwezi wa kwanza weka mpya baada ya kila kunyoa mara mbili. Usijaribu kuunoa kwa mkanda wa ngozi wala jiwe. Nyembe hizi zina utando mwembamba kwenye makali unaozisaidia kuteleza, na kunoa kunauondoa.

Wembe mpya nao ukivuta, angalia ndevu zimelowa kiasi gani. Unywele mkavu ni mgumu kama uzi wa shaba, na unalegea baada ya kukaa na maji dakika 2 au 3. Kuurashia uso maji mara moja na kupaka povu papo hapo hakutoshi. Nyoa baada ya kuoga, au kandika taulo lililoloweshwa maji ya moto ya wastani kwa dakika hizo mbili tatu, kisha paka povu bila kujifuta.

Povu lenyewe huharibika kwa njia mbili zinazopingana. Povu lenye mapovu makubwa yanayoonekana kwa macho ni hewa tupu, haliulindi uso. Zito kama gundi, linalokauka pembezoni kabla hujafika, limekosa maji. Unalolitaka linang'aa, halionyeshi mapovu, na ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada linateleza muda mrefu. Krimu ya ukubwa wa harage inatosha uso mzima. Anza na brashi iliyokamuliwa, ongeza maji matone machache kwa wakati, usugue karibu dakika 1 hadi 2. Kwa kuwa mwanafunzi ananyoa polepole, paka upande mmoja wa uso, umalize, ndipo upake wa pili. Povu lililokaa dakika kumi usoni halina kazi tena.

Yote yakiwa sawa, kosa ni mwinamo. Laza wembe bapa shavuni, kisha inua mgongo wake kidogo kidogo. Takriban nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi ndipo mahali pa kuanzia. Ukiwa chini mno, makali yanapita juu ya ndevu na kuzivuta. Ukiwa juu mno, yanakwangua. Sikio linasaidia hapa kuliko macho: mwinamo sahihi unatoa mchakacho mwembamba unaoendelea bila kukatika. Kimya kinamaanisha uko bapa mno, au hapakuwa na ndevu. Sauti nzito ya kukwaruza inamaanisha umeinua mno.

Ndevu za zaidi ya siku nne au tano zipunguze kwanza kwa mashine au mkasi. Wembe huu haukutengenezwa kufyeka kichaka.

Wembe unaruka-ruka au unatetemeka usoni

Ukihisi makali yanadundadunda badala ya kuteleza, usiendelee na mpito. Kichunguze kishikio kwanza. Kishike mbele ya mwanga na utazame makali kutoka mbele: chuma kilichochomoza kinapaswa kuwa sawa kutoka mwisho hadi mwisho, kama milimita moja hivi. Upande mmoja ukichomoza zaidi, wembe umekaa upogo, na utakata vibaya upande huo kila siku hata mkono uwe hodari vipi. Kama wembe unacheza ukiugusa kwa kipande cha mti, kibanio hakijafunga, au kimejaa mabaki ya sabuni iliyokauka. Kisafishe kwa maji ya moto na mswaki wa zamani.

Wengi hupotosha wembe wakati wa kuuvunja. Uache ndani ya karatasi yake, ushike ncha zake mbili fupi, ukunje kwa urefu mpaka uvunjike katikati, karatasi ikiwa bado imeuzunguka. Chomeka nusu moja ukiishika kwa ncha hizo fupi, kamwe si kwa makali, na uisukume mpaka igote ndani pande zote mbili. Nusu iliyobaki irudi kwenye karatasi, mahali pakavu.

Kishikio kikiwa sawa na wembe bado unaruka, sababu ni mwinamo mkubwa au ngozi iliyokauka. Wembe mwembamba unapinda ukisimamishwa sana: unakwama kwenye ndevu, unajikunja, unafyatuka, unakwama tena.

Uso unawaka na kuwa mwekundu, bila mkato

Ukiwaka papo hapo ukaisha ndani ya saa moja, tafuta kosa kwenye vitu ulivyopaka: losheni yenye spiriti, sabuni yenye manukato makali, maji ya moto kupita kiasi. Tumia maji baridi na mafuta mepesi yasiyo na harufu kwa wiki moja ulinganishe.

Ukiwaka hadi kesho yake, kosa ni la mkono. Kila mpito wa wembe unaondoa pia tabaka jembamba la ngozi ya juu. Mwanafunzi anaona unywele mmoja umebaki, anarudi bila povu, anarudi tena, na kufikia mwisho sehemu hiyo imepitiwa mara sita. Jiwekee sheria: hakuna wembe bila povu, na hakuna zaidi ya mipito miwili mahali pamoja kwa siku. Kinachobaki kitanyolewa safari ijayo. Ni sheria ngumu kuifuata kwa anayetaka uso laini kama wa tangazo la biashara, lakini uso laini huja wenyewe mkono ukishatulia, na haupatikani kwa kurudia.

Mkandamizo unapimika. Shika kishikio kwa ulegevu kiasi kwamba mtu mwingine angeweza kukichomoa: gumba chini ya shina, vidole vitatu juu, cha mwisho kikipumzika kwenye mkia. Uzito wa chombo peke yake unatosha kukata. Ncha za vidole zikigeuka nyeupe, unakandamiza.

Vipele siku mbili tatu baadaye

Hili lina sura mbili, na matibabu ya moja yanaweza kuichochea nyingine, kwa hiyo zitofautishe.

Vipele vilivyotapakaa, vyenye vichwa vyeupe, vinavyotokea hata pale ambapo ndevu ni chache, mara nyingi ni uchafu: kishikio kisichosafishwa, taulo la zamani, wembe uliotumika mno. Safisha kishikio kwa spiriti ya asilimia 70, badili wembe, tumia taulo safi, usubiri ngozi ipone kabla ya kunyoa tena.

Vinundu vigumu vyenye unywele uliojikunja ndani, hasa shingoni na chini ya taya, ni ndevu zinazorudi kuchoma ngozi. Wenye nywele za kipilipili hupata shida hii zaidi, kwa kuwa unywele uliopinda ukikatwa kwa ncha kali chini ya usawa wa ngozi unachomoka kiupande ndani ya ngozi yenyewe. Hapa ushauri wa kukaza ngozi unabidi ulegezwe. Kukaza sana kunauvuta unywele nje, unakatwa, kisha ngozi ikiachiwa unarudi chini ya uso wake. Kaza kiasi tu cha kuondoa mikunjo, nyoa kufuata ndevu zinakolala peke yake, mpito mmoja, na uache nafasi ya siku mbili au tatu kabla ya kunyoa tena. Usichimbue vinundu kwa sindano wala kibano. Losheni yenye asidi ya salisiliki inawasaidia baadhi ya watu kati ya siku za kunyoa, lakini ianze kidogo kidogo, na si mara tu baada ya wembe.

Ni haki kusema wazi: kuna ngozi ambazo wembe wa kugusa ngozi hauzifai kabisa. Ikiwa vinundu vinaendelea baada ya wiki nne za utaratibu huo, tumia mashine inayoacha ndevu kama milimita 1. Makovu yanayovimba na kukua, au vinundu vyenye usaha na maumivu, vinahitaji daktari wa ngozi, na wembe uwekwe kando mpaka hapo.

Kuna sehemu zinabaki na ndevu

Karibu kila mara hujui ndevu zako zinalala wapi. Acha kunyoa siku mbili, kisha pitisha kidole usoni kila upande: kunakoteleza ndiko zinakolala, kunakokwaruza ni kinyume. Mashavu kwa kawaida yanashuka chini. Shingo haina utii huo. Ndevu zake huweza kulala kiupande, kupanda juu, au kuzunguka kama kisogo cha mtoto. Chora ramani kwenye karatasi na uibandike kando ya kioo.

Mpito wa kwanza ufuate ramani. Ukitaka usafi zaidi, paka povu upya na unyoe kwa kukingama, yaani kutoka sikioni kuelekea puani au kinyume chake. Kunyoa kinyume kabisa cha ndevu kusubiri mpaka uweze kumaliza mara kumi mfululizo bila tone la damu.

Juu ya mdomo ndipo pagumu kuliko pote, kwa kuwa nafasi ni finyu na kona ya wembe iko karibu na pua. Vuta mdomo wa juu uufunike juu ya meno, shusha wembe kwa mipito mifupi ya nusu sentimita, na uanze na pembeni kabla ya katikati. Katika wiki mbili za kwanza hakuna aibu kumalizia hapo kwa wembe wako wa zamani. Kwa kweli tunashauri wiki ya kwanza unyoe mashavu tu kwa chombo hiki, ya pili uongeze taya, na shingo na mdomo vifuate.

Upande mmoja safi, mwingine umechubuka

Mkono wa kulia unapofika shavu la kushoto, kiwiko kinajipinda, kishikio kinafunika kioo, na mwinamo unapotea bila kuonekana. Kuna njia mbili. Unaweza kuuvusha mkono mbele ya uso na kugeuza kichwa, au kuhamishia wembe kwenye mkono wa kushoto. Tunapendelea ya pili, na ianze siku ya kwanza. Mkono wa kushoto ni mzito, lakini hauna mazoea mabaya ya kuyavunja, na polepole yake ni ulinzi. Ufanyishe mazoezi ya kunyoa povu kwa kishikio kisicho na wembe kwa siku tano au sita kabla ya kuuamini.

Wembe unakufa haraka au una madoa ya kutu

Makali hayachakazwi na ndevu tu. Maji yaliyobaki ndani ya kishikio yanayala, hasa kwenye nyembe zisizo za chuma kisichoshika kutu. Ukimaliza, toa wembe, suuza, kung'uta maji, uache ukauke hewani. Usiufute kwa taulo, kwani nyuzi zake zinapinda makali na vidole viko hatarini. Kishikio kikaushe kikiwa wazi. Wembe ulioanguka sakafuni haurudi usoni hata ukionekana mzima. Na unapoanguka, rudisha mikono nyuma uuache uanguke.

Ukimnyoa mtu mwingine, wembe ni mpya kila mtu, bila kisingizio, na kishikio kisafishwe kwa spiriti kati ya mmoja na mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Nyembe zilizotumika zitupe ndani ya kopo la bati lililotobolewa tundu jembamba juu. Likijaa, lizibe kwa gundi ya utepe kabla ya kulitoa nje, ili anayebeba taka asikatwe.